Jiko la mkaa limetukosesha usajili wa kituo

Leo nimemponza mwanangu mwenyewe, jamani.

Mnamjua Neema wangu, ukoo mzima ndiye pekee aliyesomea malezi ya watoto. Kituo chake cha kulelea watoto hapa Uyole, ninapomsaidia kazi, leo walikuja kukikagua ili kisajiliwe. Uzio ukapita, vyoo vidogo vikapita.

Mimi na kiherehere changu nikamwambia afisa ustawi, "Dada, njoo uone watoto wanavyolala, hawasikii baridi kabisa."

Akafungua mlango. Madirisha nimefunga yote, jiko la mkaa linawaka katikati yao.

"Toeni watoto nje," afisa akaamuru.

Aliye mdogo kuliko wote hakuamka mpaka alipopigwa na upepo wa nje, akatapika.

Usajili tumenyimwa. Neema kaniambia tu, "Mama, kesho usije."

Mliolala na jiko ndani kama tulivyolelewa, litoeni kwanza, ndipo mje kunitukana.