Mahindi Yaliyokataa Kuota

Kazi yangu katika duka la mbegu pale Namuwongo ilikuwa kupima kama mbegu zinaota. Nilihesabu punje mia moja za mahindi kutoka kila mzigo, nikazipanga kwenye kitambaa chenye maji, nikakikunja na kukiweka ndani ya beseni. Siku ya saba nilikifungua na kuhesabu zilizotoa mizizi. Ilikuwa kazi safi, na niliipenda.

Mwenye duka alikuwa mama wa kwetu, Mkongomani kama mimi. Ndiye aliyenipokea nilipofika Kampala sina mtu.

Siku moja nilikunjua kitambaa, harufu ikanipiga usoni. Punje zilikuwa zimelainika na kufanya ukungu wa kijivu; ukizigusa, zinatoa ute unaonata vidoleni kama kamasi. Zilizoota zilikuwa kumi na tisa tu. Nikampelekea.

"Mama, mzigo huu umekufa. Hatuwezi kuuza mbegu hizi."

Hakushtuka. "Basi zioshe zile za kwenye magunia, uzianike kwenye turubai."

Mbegu zile zilikuwa zimepakwa dawa ya wadudu, nyekundu kama rangi ya kucha. Nilidhani anataka dawa itoke kabla hatujazitupa, zisiue kuku wa majirani. Nikaosha asubuhi nzima nyuma ya duka. Hata maji ya tano yalitoka na wekundu, na harufu kali ilinikwaruza koo. Nilipofika katikati ya gunia la pili, nikaenda kumuuliza tutatupa wapi.

"Kutupa?" Akacheka. "Mwenye kinu anakuja jioni. Yakishasagwa yakawa unga wa posho, nani atajua?"

Posho ndiyo ugali wa huku. Watoto wa shule wanaila kila siku.

"Mama, hiyo ni sumu!"

"Ni sumu ya wadudu. Na umeshaiosha wewe mwenyewe, mwanangu. Aliyekuwapo kabla yako alikuwa anaosha bila maneno mengi."

Nikatapika kwenye mtaro, wateja wakitazama. Akaja kunipapasa mgongo, taratibu, kama mama kweli. Mkono ule ulinitia kinyaa kuliko ule ute.

Nikaenda kwa fundi wa bodaboda wa jirani, nikamwomba oili chafu. Nikaimwaga juu ya turubai na ndani ya magunia yote. Mama alipiga kelele kwamba sina shukrani. Nikachukua nguo zangu, nikaondoka mchana uleule.

Jumapili iliyofuata alinisema kanisani, na wengi wakaacha kunisalimia. Mmoja wao tu, mama anayepika posho kwenye shule moja, kwa unga wa kinu kile, alikuja kwangu kuuliza kama ni kweli. Nikamweleza yote. Alisikiliza amekunja uso, mkono mdomoni. Nilipomaliza alisimama, akatema mate nje ya mlango, akaenda zake bila kuaga.