Kumkalia Aliyebaki

Jumatatu ya wiki iliyopita tulimzika dada yangu Eliza, hapa Kifanya, kando ya mama. Tangu hapo nakumbuka siku moja ya ujana wetu kule Makambako, na nimeona nikuandikie wewe, mwanangu, kabla uzee haujanipunguzia kumbukumbu.

Eliza alikuwa na mgahawa wa mabati karibu na gereji nilikokuwa fundi msaidizi. Upepo wa Makambako unaujua mwenyewe. Chai ilipoa kabla hujashusha kikombe. Gereji ile ilipata mgeni, fundi wa mitambo ya barabara, Mwajemi, jina lake Dariushi. Kiswahili hakujua, Kiingereza alikuwa nacho kidogo, nami nilikuwa na kile cha darasa la saba. Basi tukasaidiana hivyo hivyo, kama watu wawili na blanketi moja fupi.

Neno lililotuhangaisha ni sori. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amelala chini ya greda, nikataka kumwambia pole na kazi, nikasema sori. Akajivuta nje, akanitazama, akauliza nimemkosea nini. Kwao, alinieleza baadaye, ukimkuta mtu kazini unamwambia asichoke. Sori walifundishwa kuwa ni ya kuomba msamaha. Nikamweleza tunavyoitumia sisi: mtu akijikwaa, sori; akitoka safari, akinyeshewa, akiugua, akifiwa, sori. Akalipenda neno hilo kupita kiasi. Kila aliyemwona alimpa. Mchana mmoja akamwambia sori mteja aliyekuwa anakula, na Eliza akamuuliza, "Shemeji, wali wangu umemfanya nini huyo?" Watu wakacheka, na Dariushi akacheka nao bila kuelewa. Tulimpenda. Kuishi na watu ni kucheka nao hata usipojua kinachochekesha.

Kisha ikaja habari, kwa simu ya ofisini, kwamba mama yake amefariki huko Shirazi, na wamekwisha kumzika. Hata angesafiri asingewahi. Hakulia. Alichukua spana akarudi chini ya greda. Sisi nasi, kila aliyepita aliinama akamwambia sori, naye alijibu kwa kutikisa kichwa. Tukaona tumemaliza.

Tulipokwenda kula tukamweleza Eliza. Akauliza nani amekaa na mgeni. Hakuna, tukasema, ila pole tumempa wote. Fundi wetu mkuu, mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, akaongeza kwamba yule ni Mwislamu na sisi ni Walutheri, hatujui kwao wanafanyaje. "Tena maiti iko Uajemi," akasema. "Msiba usio na maiti unakaliwaje?"

Eliza alikuwa anapakua maharage. Akaurudisha mwiko kwenye sufuria.

"Kwani huwa tunamkalia maiti, baba?" akamuuliza. "Maiti ana shida gani tena? Tunamkalia aliyebaki."

Eliza akafunika masufuria, akawaambia wateja waliokuwa wamesimama kwamba leo chakula kina pa kwenda. Wengine walinung'unika, mmoja akasema biashara ya namna hii haifiki mbali. Eliza akamwambia naye abebe unga.

Unajua, mwanangu, kwetu msibani huendi mikono mitupu. Mwenye kuni hubeba kuni, mwenye maharage hubeba maharage, asiye nacho hubeba maji. Tukaenda hivyo, Eliza mbele na mzigo wa kuni kichwani, hadi kwenye nyumba ambamo Dariushi alipanga chumba. Tukawasha moto uani. Wanaume tukakaa kwenye magogo, wanawake kwenye mkeka. Mama mmoja akataka kuanzisha wimbo wa kanisani, Eliza akamwambia tukae tu, wimbo huo mwenye msiba haujui.

Jioni Dariushi akarudi, mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko. Akasimama getini. Aliona moto, aliona watu wamejitanda kanga na mablanketi, akanyata hadi nilipo kwa adabu, akauliza kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini:

"Nani amefiwa hapa?"

Nikamwambia, "Wewe."

Akabaki amesimama. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akajifunika uso kwa mikono ile michafu, akalia. Hatukumnyamazisha. Eliza alisogea, akamwambia "Pole, baba," basi. Tulilala naye pale uani, mzee wetu wa kanisa akiwa wa kwanza kuongeza kuni.

Mwanangu, maneno ya kuazima si mabaya. Sema sori, sema pole, andika kwenye simu ukiwa mbali. Nami nimezipokea nyingi wiki hii, na zimenifariji. Lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na neno la pole ni ahadi: ukilitamka, miguu yako inadaiwa. Kama njia ipo, nenda. Usiogope kwamba hujui la kusema, wala kwamba dini yake si yako. Beba ulichonacho, ukae. Mungu akujalie kuwahi kwa wenzako, na siku yako ikifika usikae peke yako.

Juzi mvua kubwa ilinyesha, nikajua udongo wa kaburi la Eliza utakuwa umetitia. Asubuhi yake nikachukua jembe nikapanda kilima cha makaburini taratibu, maana magoti haya si yale. Nilikuta mtu amekwisha kulijazia na kulisawazisha vizuri, nyayo zake bado mbichi kwenye tope. Nimeuliza majirani wote. Hakuna aliyesema ni yeye.