Siku Niliposhindilia Gobore Mara Mbili

Haya ninayoyaandika nimeyaficha miaka mingi, na hata sasa nikiyakumbuka masikio yanapata moto, lakini wajukuu wameshayasikia kwa watu wengine, tena kwa nyongeza, basi bora wayapate kwangu mimi niliyeanguka.

Enzi za Mwingereza, pale Milola, nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo (na nguruwe hatuli, yaani wao wanakula vyetu, sisi wao hatuwali). Sasa Bwana Nyama, yule Mzungu wa mambo ya wanyama, akasema magobore yetu mengine ni dhaifu, yanamjeruhi mnyama tu halafu mnyama anawageukia watu, kwa hiyo kila mwenye gobore alilete lipimwe, na likishindwa linachukuliwa. Langu nililirithi kwa baba, na shamba langu ndilo lililopakana na pori. Nikaapa halichukuliwi.

Akaja na chombo chake cha kupimia mwendo wa risasi. Fremu mbili za mbao zenye waya mwembamba kama uzi, moja mbele, nyingine nyuma yake mbali kidogo, zote zimeungwa na sanduku lenye saa. Risasi ikikata waya wa kwanza saa inaanza, ikikata wa pili saa inasimama, naye anapiga hesabu zake. Karani wake, Mikaeli, ndiye aliyekuwa akitufasiria.

Zamu yangu ikafika. Nikamimina baruti, nikatia makumbi ya nazi, nikashindilia, na papo hapo mama mkwe akatokea njiani na mtungi wa maji kichwani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, basi nikalaza gobore chini, nikachuchumaa kando na kuinamisha kichwa mpaka apite (na mama yule, Mungu amrehemu, alikuwa hapiti mahali bila kumsalimu kila mtu na kuuliza wagonjwa wao wanaendeleaje). Nilipoinuka sikumbuki tena kama baruti nimeshatia au bado.

Mwenye akili angetumbukiza ule ufito wa kushindilia kwenye mtutu aone umebaki nje kiasi gani. Lakini watu wamejaa, na Mikaeli ananiambia, "Kaka, Bwana anauliza, hilo gobore unalijua kweli au umeazima?" Nikaona nikipima nitakuwa nimekiri kwamba sijui. Nikamimina baruti tena, nikashindilia, nikatia risasi, nikaweka fataki, nikafyatua.

Mlio sikuusikia. Nilichoona ni mbingu. Nimelala chali, bega limekufa ganzi, msuli niliojifunga kiunoni uko huko na mimi niko huku, na nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe, kumbe hakwenda, alitua mtungi atazame.

"Mwambieni mkwe wangu nimefumba macho."

Kumbe makumbi yanayowaka yalikata waya wa kwanza, risasi yenyewe ikapita juu kuelekea Rondo, waya wa pili ukabaki mzima. Saa ikawa inazunguka tu. Mikaeli akaitazama, akanitazama. "Bwana anasema tusubiri kidogo, risasi yako iko njiani." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Bwana Nyama akanyoosha mkono alichukue gobore. Nikafunga msuli kwanza, kisha nikalikumbatia.

"Mwambie kosa ni langu, gobore halina kosa. Napiga tena."

"Na hilo bega?"

"Ninalo jingine."

Nikaukagua mtutu kwa kidole, haukupasuka. Nikaanza upya, safari hii kwa sauti, "Baruti," na wale wachekaji wakaitikia "Baruti" kama watoto wa chuoni wanaosomeshwa Kurani. "Makumbi." "Makumbi." Nikafyatua kwa bega la kushoto, nyaya zote mbili zikakatika, saa ikasimama. Bwana Nyama akaandika, akasema kwa nyati halifai, kwa nguruwe linatosha. Nikarudi nalo nyumbani.

Wazee wakaamua nimpelekee mama mkwe jozi ya kanga kwa aibu niliyomtia, nikapeleka. Akazipokea kupitia kwa mke wangu, akauliza zamu nyingine ya kupima ni lini.

Tangu hapo nikipotewa na hesabu, iwe ya baruti au ya majina ya wajukuu, naanza upya kwa sauti, mbele ya watu, na anayecheka acheke. Na nikishika gobore, navaa kaptula.