Niobi wa Kliniki ya Itumba

Juzi, kwenye kliniki ya Itumba wilayani Ileje, mama mmoja aliyejifungua mtoto njiti alimweka mwanawe kwenye mzani, kisha akataja jina lake: Niobi.

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama Mavuno, hayo ni madini. Mpe mtoto jina la mtu."

"Mbona jina la dada yake, Mavuno, hukulishangaa?" Mama akamfunika vizuri mwanawe. "Wapimaji wa miamba walituambia niobi hutiwa kidogo tu kwenye chuma, chuma kikawa kigumu. Na huyu ni mdogo. Andika, sista."

Nesi akaandika.

Kila siku tunaahidiwa utajiri wa madini adimu. Yakichimbwa, yatapakiwa kwenye malori yaende zake. Lakini kwa jinsi mama yule alivyomkazia nesi macho, Niobi mmoja haondoki Ileje mpaka anenepe.