Muhuri wa Risasi kwenye Pampu ya Dizeli

Mwanangu, juzi nimepita kwenye zahanati ya mtaa wetu hapa Bunia, nikakuta waya wa muhuri umekatwa kwenye pampu ya jenereta. Nimechoka. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwisha kulitenda.

Siku yenyewe naikumbuka. Nilikuwa karani kijana katika ofisi iliyotumia jenereta moja pamoja na zahanati na karakana ya useremala. Kila msumeno wa seremala ulipowashwa, taa yangu ilififia. Fundi wetu, Muzee Ngabu, aliisikiliza injini kidogo tu, akagonga chujio la mafuta kwa kidole.

"Filtre imeziba. Mafuta haipite muzuri. Kesho nitaleta ingine."

"Kesho iko mbali, Muzee. Ripoti ya mukubwa inaningoja. Geuza tu ile visi ya regilatere."

Regilatere, mwanangu, ni kifaa ndani ya pampu kinachoshika mwendo wa injini usipande wala kushuka, kazi iwe nyingi au chache. Visi yake, yaani skrubu ya kuirekebishia, hufungwa kwa waya na muhuri wa madini ya risasi, ili asiyehusika asiiguse.

"Mutu iko na kiu, weye unamupiga fimbo akimbie?" alinicheka Muzee, akaenda zake.

Nikakata waya kwa koleo. Niligeuza visi, mwanga wa taa haukuongezeka. Nikageuza tena, na tena. Kisha nikausokota waya ule upya, na katika daftari la ukaguzi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Muhuri: mzima."

Adhuhuri seremala alizima msumeno ili akale. Injini, ilipopungukiwa na mzigo, ilipaza sauti kana kwamba itang'oka chini. Taa ziling'aa nyeupe, zikapasuka. Friji ya chanjo ikatoa moshi.

Mama Jeanne, muuguzi, alisimama mlangoni kwangu. Nyuma yake walikuwapo akina mama waliotoka kijiji cha Marabo tangu jana yake, watoto wa kuchanjwa mikononi.

"Hawa wamama nitawaambia nini?"

"Uwaambie jenereta imeharibika."

Muzee Ngabu, aliyerudi kwa mlio ule, alikuwa ameinamia pampu nje ya dirisha langu. "Jenereta haikujikata waya," alisema bila kuinua kichwa. "Weye unajua kuandika kushinda siye wote. Andika."

Nilipiga mstari mmoja juu ya neno "mzima", likabaki linasomeka kama inavyotakiwa, nikaandika: "Umekatwa nami," na jina langu kamili. Kisha nikatoka kuwaambia akina mama wale kwa kinywa changu. Mmoja alimfunga mtoto mgongoni, akaanza safari ya kurudi.

Basi, mwanangu, injini ikilegea, tazama kwanza filtre. Muhuri ambao hukuufunga wewe, usiukate. Na kama umekwisha kuukata, andika jina lako kabla hujaulizwa. Kesho asubuhi nitalifungua daftari la zahanati ile, na natamani nilikute humo jina la aliyekata.

Mungu akupe subira ya kuingoja kesho ya fundi, na ujasiri wa kuandika ulilotenda. Amina.