Kilio cha Nyumba ya Mjerumani

Wiki iliyopita fundi alibandua dari ya chumba changu hapa Makanyagio, mjini Mpanda, ikashuka harufu ya mavi ya popo, kali, ya kuwasha pua mpaka machozi. Wajukuu wakakimbilia nje wakicheka. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Harufu ile, ndugu zangu, naijua tangu nikiwa na miaka minane, na sijawahi kuicheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alifanya kazi mgodini Mpanda, na alipopata likizo alitangaza kwamba tunakwenda kwao Kapalamsenga, kando ya ziwa, kupalilia kaburi la babu. Mimi na mdogo wangu Pius tuliruka kwa furaha. Mama hakuruka. Alikunja kanga zake polepole kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Tulipanda lori la wachuuzi wa dagaa, tukashuka kesho yake tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi Sesilia, dada mkubwa wa baba, alikuwa mrefu, mkavu, na aliongea kama mtu anayetema mifupa. Alimkumbatia baba, akatupapasa vichwa sisi watoto, kisha akamtazama mama.

"Na wewe umekuja."

Basi. Baba alimiminiwa maji ya kunawa, sisi pia. Mama akajichotea mwenyewe. Bibi mzaa mama alipenda kusema kwamba kwenye nyumba ya ugomvi hata chumvi haikolei. Samaki wa jioni ile walinithibitishia.

Asubuhi tulipanda kilimani, kwenye kaburi la babu. Huko juu ilikuwako nyumba ya mawe aliyoijenga Mjerumani mmoja kabla baba hajazaliwa, akafia humohumo kwa homa. Nusu ya paa ilikuwa imeporomoka, na madirisha yamebaki matundu meusi. Hakuna mwanakijiji aliyekubali kuvuka kizingiti chake, maana ilisemekana mle ndani analia mtoto mchanga. Ubavuni palikuwa na makaburi ya zamani: ya wazungu yenye misalaba ya chuma iliyoliwa na kutu, na chini yake ya watu wetu, mawe tu juu ya udongo. Pius alininong'oneza kwamba amebanwa na mkojo, ila hapo hakojoi hata akipasuka.

Baba na shangazi walianza kupalilia. Mama hakushika jembe. Alipita kaburi hadi kaburi, akiinamia yale madogo madogo. Nilidhani ameangusha hereni.

"Wifi," alisema hatimaye, "nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Unajua. Mwanangu yuko wapi?"

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na kaka. Alizaliwa pale kijijini baba akiwa ameshakwenda mgodini, akafa ghafla kabla hajatimiza mwezi. Mama alikuwa hoi kwa homa, hakumwona akizikwa. Alipopata nafuu aliambiwa yamekwisha, asiulize.

Shangazi alitupa jembe. "Hayuko hapa! Katekista alikataa azikwe hapa. Nilikwambia tumbatize, ukasema tumngoje baba yake. Ukangoja! Ulitaka nimpeleke wapi? Nimtupie fisi?"

"Dada, inatosha," baba akasema.

"Haitoshi!" Akanyoosha mkono kwenye ile nyumba. "Yumo mle. Chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Nenda ukamsikie anavyolia!"

Mama alimgeukia baba. "Na wewe ulijua?"

Baba alitazama jembe lake.

Mama akaingia. Nikamkimbilia, si kwa ushujaa. Kubaki na wale wawili kulinitisha zaidi. Ile harufu ilinipiga usoni. Popo walipapatika gizani juu yetu, wakitoa vilio vyembamba, na kweli vilifanana na vya kitoto kichanga. Mama alipiga magoti chini ya dirisha. Hapo sakafu ilikuwa imebanduliwa, na mawe yamepangwa yakabanana, hata kidole hakipiti. Hakulia. Aliweka kiganja juu yake, akasema, "Daudi."

Kisha akaniambia, "Msalimie kaka yako."

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Tulipotoka, mama alimpita shangazi kama anapita kisiki. Hatukulala tena kwake. Njia nzima mpaka Mpanda mama hakumsemesha baba, na Pius peke yake ndiye aliyeimba.

Kwa miaka mingi nilimchukia shangazi kwa niaba ya mama. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojiuliza: nani alimbeba yule mtoto? Shangazi, aliyeogopa mizimu kiasi cha kutotaja jina la marehemu jua likishazama, aliingia peke yake mahali ambapo kijiji kizima hakikuthubutu. Akabandua sakafu, akapanga mawe moja moja ili fisi wasifukue. Hasira yake yote ile, kumbe chini yake kulikuwa na kazi hii.

Shangazi alipofariki, mama alikataa kwenda msibani. Nikamweleza hayo niliyoyawaza. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile, nilipoyaona yale mawe."

"Sasa mbona hukumsamehe?"

"Kwani hakuwa na mdomo wa kuniambia miaka yote ile?" akajibu, akaendelea kuchagua.