Mama Mfuniko na Kuni za Bei Mbaya

Saa tatu asubuhi, katika jiko la shule ya bweni, mwanamke mwenye kitambaa kichwani anainama karibu na sufuria inayomfika kifuani. Hafunui. Anatega sikio, anasikiliza maharage yanavyotokota, kisha anavuta gogo moja nje ya moto.

"Yaliyobaki yanatosha," anasema. "Moto si wa kuonyeshana."

Wanafunzi mia nne wanamwita Mama Mfuniko, maana ole wake atakayefunua sufuria yake. Jina hilo linamchekesha, lakini anatembea nalo kifua mbele, na ana haki.

Miaka miwili iliyopita jiko hili lilikuwa karibu kufungwa. Kuni zilikuwa zinameza fedha za chakula, na mwalimu mkuu alikwishapata mtu wa kuleta chakula kilichopikwa nje. Wapishi wanne wangerudi nyumbani mikono mitupu, na yeye ana watoto watatu na mume anayeugua mgongo. Aliomba muhula mmoja tu.

Kisha akawashangaza wote: akaacha kuni mbichi, akaagiza kavu, zenye bei maradufu.

"Mhasibu alinijia juu," anakumbuka. "'Mama, tunazama, nawe unatoboa mtumbwi?' Nikamwambia, baba, sisi hatutafuti kuni, tunatafuta maharage yaive. Kuni mbichi unalipia maji na moshi."

Hakuishia hapo. Nyuma ya stoo lilikuwepo bati la mviringo lililokuja na jiko, la kuizingira sufuria ili joto lisitoroke. Nani alilitupa huko? Anainamisha uso.

"Mimi mwenyewe. Lilinificha moto, na mimi nilijua mpishi hodari ni moto mkubwa. Kumbe miaka yote nilikuwa napikia ukuta!"

Akalirudisha, akaanza kuloweka maharage tangu jioni, akafunika. Mizigo kumi ya kuni kwa wiki ikawa mitatu. Hata kwa bei maradufu, ni sawa na kulipia sita. Rahisi ghali, hawakukosea waliosema. Fedha iliyookolewa imerudi sahanini: wanafunzi wanakula matunda mara mbili kwa wiki.

Leo mhasibu yuleyule anawaleta wapishi wa shule jirani. "Muulizeni huyu," anawaambia. "Mimi hapa ni mwanafunzi."

Likizo ijayo Mama Mfuniko anataka kuzunguka shule hadi shule, akifundisha. Mgeni mmoja ananyoosha mkono kwenye mfuniko, achungulie kidogo tu.

Anaudaka mkono huo hewani. "Dada," anasema akitabasamu, "tumeshaanza somo la kwanza."